Mashabiki wa spidwei wamenyang'anywa siku yao

Mtu anayefanya kazi ya zamu hahitaji kuelezwa maana ya ratiba. Anaijua kwa mwili wake. Juma hili anaingia asubuhi, juma lijalo usiku, na katikati kunabaki masaa machache ya kwake, ya bibi na ya watoto. Ukimwambia mechi ni siku ya tatu, anapanga: anabadilishana zamu na rafiki, anaweka franga pembeni, anamwambia mtoto wake kwamba safari hii watakwenda pamoja. Kiisha, siku ya tatu saa nane mchana, unamwambia mechi imesogezwa. Mpaka lini? Haijulikani. Hapo haujamharibia masaa mawili ya mchezo tu. Umemfanya kuwa baba mwongo mbele ya mtoto.

Leo nataka kusema juu ya mchezo ambao wengi wetu tunauona kwa simu tu, kama tunauona: spidwei, zile mbio za pikipiki za Uingereza. Utaniuliza, sisi wa Kolwezi, Likasi na Kipushi unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu kwa muda mrefu ulikuwa mchezo wa watu kama sisi, watu wa makaa ya mawe, wa chuma, wa kiwanda na wa bandari. Leo viti vyake vinabaki wazi. Kila mtu kule ana maelezo yake: eti simu, eti mpira wa miguu, eti tikiti ya karibu paundi 20 ni bei kali. Kuna ukweli kidogo katika yote. Lakini mimi naona kidonda kikubwa kiko kwenye ratiba, na kile kidonda wakubwa wa mchezo wamejitia wenyewe.

Kwa wasioujua, nieleze kwanza. Wamotari 4 wanajipanga nyuma ya kamba. Kamba inaruka juu, wanatoka. Wanazunguka mara 4 kwenye njia ya duara yenye mchanga wa mawe yaliyosagwa, wanakata kushoto tu, bila breki. Ndiyo, umesoma vizuri: bila breki. Pikipiki ina injini ya 500 cc, gia moja, na inakunywa methanoli. Kwenye kona motari anailaza, gurudumu la nyuma linateleza kwenda nje na kurusha mchanga mpaka kwa watu wa mbele, na mguu wake wa kushoto, uliovaa kiatu chenye soli ya chuma, unaburuzika chini. Dakika moja hivi, imekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi na vumbi. Mechi ni ekipe mbili, wamotari 7 kila upande, mbio 15. Vijana wetu wa taksi-moto wangependa sana, ila nawaomba wasijaribu ile habari ya breki kwenye barabara ya Likasi.

Mchezo ulitoka Australia. Tarehe 19 Februari 1928 uliletwa High Beech, ndani ya msitu wa Epping karibu na London. Waandaaji walitazamia watu elfu chache. Inasemekana walifika 30,000. Baada ya vita ya pili ya dunia tikiti za spidwei ziliuzwa kwa mamilioni kila mwaka. Na hata mwaka wa 1981, fainali ya dunia ya mwisho kufanyika Wembley ilikuwa na watu karibu 90,000. Si zamani za mababu hiyo. Wako wengi walioiona na bado wanafanya kazi.

Nguvu ya mchezo ule ilitoka wapi? Nyota walikuwapo, sawa, na makelele na taa za usiku. Lakini kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuna mtu aliyelihesabu kama mali: kila klabu ilikuwa na siku yake. Ipswich, siku ya nne. Poole, siku ya tatu. Wolverhampton, siku ya kwanza. Edinburgh, siku ya tano. Berwick, siku ya posho. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne mpaka mwezi wa kumi, juma kwa juma, mtu wa Poole hakuuliza kama leo kuna spidwei. Kama ni siku ya tatu, kuko spidwei. Babu alikwenda siku ile, baba akaenda siku ile, mtoto akabebwa mabegani siku ile. Mke alijua, shefu wa kazini alijua, jirani alijua. Kuwa shabiki ilikuwa kama kwenda misa: hakuna anayengoja tangazo.

Ile siku imevunjwaje? Hapa sharti tutoke Uingereza kidogo, twende Polandi.

Polandi ndiko kuna pesa ya spidwei siku hizi. Viwanja vingi ni vya miji yenyewe, kama ule wa Toruń uliofunguliwa 2009, wa watu 15,000 hivi, na vinajaa. Wasomaji wetu wa mgodini watafurahi kujua kwamba kule Rybnik, katika nchi ya makaa ya mawe, klabu ilibeba jina la machimbo yenyewe: zile herufi ROW ni za eneo la makaa la Rybnik, na katika miaka ya 1960 walikuwa mabingwa wa nchi mara kwa mara. Bon, ligi kuu ya Polandi inakimbia siku ya tano na siku ya Mungu. Siku ya posho imechukuliwa na Grand Prix, mashindano ya dunia ambayo tangu 1995 yanazunguka nchi kwa nchi. Uswidi ina siku ya pili. Denmaki ina siku ya tatu. Hesabu kwa vidole: Uingereza inabakiwa na siku gani? Ya kwanza na ya nne. Ndizo ligi yake ya juu iliokota, kama mtu anayekuja mezani wakati wengine wamekwisha kula.

Juu ya nini? Juu ya wamotari wakubwa. Mmoja anaweza kukimbia siku ya tano Polandi, siku ya posho Grand Prix, siku ya Mungu Polandi tena, siku ya kwanza Manchester, siku ya pili Uswidi. Mimi siwalaumu hata kidogo. Motari wa spidwei ni kama creuseur: koleo ni lake, gunia ni lake, na akitoka shimoni bila mawe hakuna anayemlipa. Pikipiki anazinunua yeye, fundi anamlipa yeye, petroli ya kamyoneti ni yake, na mshahara unatokana na pointi alizozikimbilia. Akivunjika mguu, pointi hakuna. Mtu kama huyo akifuata pesa ya Polandi, nani atamtupia jiwe?

Kosa ni la wale waliokaa mezani wakasema: tupange siku zetu kwa kufuata nafasi ya wamotari. Na kule Uingereza wanaokaa mezani ni wenye klabu wenyewe. Wao ndio wenye mali, wao ndio watunga sheria. Waliuliza nyota yuko huru lini. Walisahau kumuuliza anayelipa tikiti yuko huru lini.

Tena hata hizo siku mbili si za kuaminika. Klabu inaweza kuwa nyumbani siku ya kwanza juma hili, siku ya nne juma lijalo, kiisha majuma matatu kimya kwa sababu wanasafiri, au Grand Prix imeingia katikati, au mvua. Mvua ya Uingereza hamuijui! Njia ya mbio ikilowa, pikipiki isiyo na breki ni kaburi, mechi inavunjwa. Haiwezi kuchezwa kesho yake, kwa sababu kesho yake nusu ya wamotari wako Uswidi. Inasukumwa mbele, na ya pili inasukumwa juu yake, mpaka mwezi wa tisa unakuta mechi zimelundikana kama magunia kwenye depo, mbili kwa juma moja, kwenye baridi, watoto wamerudi shule. Mfanyakazi aliyekaa majuma matatu bila kitu sasa anaombwa paundi 20 mara mbili kwa siku nne, na tikiti ya mke, na ya mtoto. Anachagua moja. Au hachagui hata moja, maana katika yale majuma matatu ya kimya amekwisha zoea kukaa nyumbani. Hapo ndipo watu wanapotea. Hawaondoki kwa hasira. Wanazoea tu.

Kuna jambo lingine linalouma zaidi ya mvua. Kwa kuwa wamotari ni wachache, mmoja anaruhusiwa kuwa na klabu mbili Uingereza, moja ligi ya juu na moja ligi ya pili. Ratiba zikigongana, au akiumia, au akiitwa kwingine, klabu inaazima mgeni: motari wa klabu nyingine anavaa rangi zako usiku mmoja. Juma lijalo anarudi kama adui yako. Fikiri mshambuliaji wa Mazembe akivaa jezi ya Lupopo siku ya tatu kwa sababu wa Lupopo ana kazi kwingine, na siku ya Mungu anarudi kuwafunga. Kamalondo ingekaa kimya? Shabiki wa spidwei amevumilia hayo miaka mingi, na ni ajabu amevumilia hivyo. Lakini mtu mpya, anayekuja mara ya kwanza na watoto wake, anauliza: huyu ni wetu au si wetu? Ukishindwa kumjibu kwa sentensi moja, harudi.

Nasema watu wamepungua, na msomaji mkali ataniuliza: wangapi? Swali zuri, na jibu lake ni sehemu ya ugonjwa: klabu hazitangazi hesabu ya watazamaji wa ligi. Ni siri yao. Sisi wa migodi tunajua kampuni inayoficha tani zake inaogopa nini. Lakini kuna hesabu ambayo haiwezi kufichwa, ile ya viwanja. Wimbledon na Exeter 2005. Reading 2008. Coventry 2016. Lakeside 2018. Swindon haijakimbia nyumbani tangu 2019. Somerset 2020. Wolverhampton na Peterborough 2023. Mwaka wa 2021 na wa 2022 ligi ya juu ilibakia na ekipe 6 nchi nzima! Mpinzani yule yule anakuja kwako mara mbili katika msimu kabla hata ya vikombe. Unamtambua mpaka mlio wa injini.

Peterborough inafaa kutazamwa vizuri. Mwaka wa 2021 walikuwa mabingwa wa Uingereza. Miaka miwili baadaye hawakuwa na mahali pa kukimbia, kwa sababu wenye ardhi walikuwa na mipango mingine ya ule uwanja. Nataka kusema kweli hapa: ratiba haikuuza uwanja wa Peterborough. Klabu nyingi za Uingereza ni wapangaji tu, wengi pamoja na mbwa wa mbio, na mpangaji anaweza kutolewa wakati wowote. Hata hivyo, uwanja unaojaa kila juma una mji mzima nyuma yake. Meya anaogopa kuugusa. Uwanja unaofunguka leo, halafu baada ya majuma matatu, halafu mara mbili kwa siku nne, nani atajua umefungwa? Majirani wataona nyumba mpya tu zinaota.

Na Workington. Ni mji wa pwani kaskazini-magharibi, nchi ya makaa ya mawe na chuma. Machimbo yalifungwa, kiwanda cha reli kilifungwa 2006. Ilibaki spidwei, Comets, tangu 1970. Mwaka wa 2018 Comets walichukua ligi ya pili, na kombe, na ngao: vitu vitatu kwa msimu mmoja, jambo ambalo klabu tajiri inaota tu. Msimu uliofuata hawakukimbia. Pesa haikutosha, watu hawakutosha. Baadaye jina lilirudi katika uwanja mdogo na ligi ya chini. Ukitaka kuelewa uchungu, jua kwamba pale ndipo alipoanzia Dan Bewley, kijana wa Cumbria. Mwaka wa 2021, yeye na Robert Lambert waliipa Uingereza ubingwa wa dunia wa mataifa pale Manchester, wa kwanza wa ekipe tangu 1989. Donc, nchi ina wamotari wa dunia na haina mahali pa kuwatazama. Kama mgodi wenye shaba nzuri na lifti iliyokufa.

Wale wanaotetea ratiba ya leo wana hoja, na si ya kijinga. Wanasema: tukirudisha kila klabu siku yake, nyota hawatakuja, na bila nyota hakuna atakayelipa. Wanaonyesha Cardiff, ambako Grand Prix ilifanyika karibu kila mwaka tangu 2001, chini ya paa, na watu kwa makumi ya elfu wakasafiri kutoka kila upande wa nchi. Mnaona, wanasema, watu wanataka nyota.

Mimi nasoma Cardiff kwa namna nyingine. Ilikuwa sikukuu. Tarehe ilijulikana mwaka mzima mbele, mvua haikuingia, watu waliomba konji mapema, wakaweka pesa kidogo kidogo. Yaani Cardiff ilimpa shabiki kile alichonyimwa nyumbani: hakika. Halafu mtu hali sikukuu kila juma. Anayekula kila juma anakula bukari, na bukari inataka kuwa mezani saa ile ile.

Halafu kuna Poole. Klabu kubwa, yenye vikombe vingi vya ligi ya juu. Kwa msimu wa 2020 walichagua wenyewe kushuka ligi ya pili. Watu waliwacheka: nani anashuka bila kushushwa? Msimu wenyewe haukuchezwa juu ya korona. Lakini kule chini walirudia siku yao ya tatu, ile ya zamani. 2021 wakawa mabingwa wa ligi ile, mwaka uliofuata tena. Hawakuwa na wale nyota wakubwa wa Polandi. Walikuwa na siku yao, na mji wao unaijua. Siwezi kusema siku ya tatu peke yake ndiyo iliyowaokoa. Wana viongozi hodari na mji wa pwani wenye wageni wa likizo. Lakini klabu yenye akili ilipima nyota kwa mkono mmoja na siku kwa mkono wa pili, ikachagua siku. Wengine wangejifunza.

Najua shabiki wa Lupopo au wa Mazembe ataniambia: mukubwa, unaona ya Waingereza, na Linafoot je? Ni kweli, ratiba yetu nayo ina vituko vyake. Ila sisi mpira uko kila kona. Mechi ikivunjwa leo, watoto wanaucheza uwanja wa shule kesho. Spidwei haina uwanja wa shule. Mtoto wa Scunthorpe asipopelekwa na baba yake, hataikuta njiani.

Basi ningependa nini? Nyota wakubwa waachwe waende, kwa heshima, warudi wakipata nafasi. Kila klabu ichukue siku moja, ishikwe mpaka mwisho, hata kama ni siku ambayo Uswidi inaitaka. Motari mmoja, klabu moja ya Uingereza. Mgeni wa kuazima aondoke. Nafasi yake apewe kijana wa pale pale, hata kama ataanguka mara tatu, maana mji unamvumilia mtoto wake kuliko mgeni anayeshinda. Na mvua ikivunja mechi, irudiwe siku ile ile ya juma linalofuata, si mwezi wa tisa. Haya yana gharama. Mbio za msimu wa kwanza zitakuwa za polepole kidogo, televisheni itanuna, pengine klabu moja mbili zitalia. Lakini zinalia hata sasa, na kila majira ya baridi moja inanyamaza.

Wenye klabu hukutana kila mwaka karibu na mwezi wa 11 kupanga msimu unaofuata. Kawaida wanabishana juu ya hesabu za wamotari, nani ana kiwango gani, ekipe isizidi pointi ngapi, mambo ambayo hata shabiki wa miaka 30 anayafuata kwa shida. Safari hii wangeweka yale makaratasi pembeni mpaka mchana, na asubuhi wamwite mtu mmoja wa zamu wa kiwanda cha chuma cha Scunthorpe, akae mbele yao na kalenda yake ya kazi, na wao waweke ratiba yao kando ya ile kalenda. Wahesabu pamoja naye ni jioni ngapi za msimu uliopita alizoweza kufika.

Watangaze na hiyo hesabu.